Nani hapa ana ngazi nyumbani kwake?

Hotuba ya muuguzi mbele ya wauguzi, wanafunzi wa uuguzi na wazee, Siku ya Wauguzi, Tabora mjini

Wazee wetu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Mwangaluka. Wauguzi wenzangu, wanafunzi, na ndugu mliowasindikiza wazee mkaamua kubaki kutusikiliza, habari za asubuhi. Mshereheshaji amenipa nusu saa na ameniomba nisisome karatasi. Karatasi ninayo, lakini nitaichungulia kwenye namba tu.

Nianze na swali. Ambaye nyumbani kwake kuna ngazi za kupanda ghorofani, anyooshe mkono. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwanafunzi anayekaa hosteli, kwa hiyo hauhesabiwi. Haya, shusheni. Sasa ambaye choo cha nyumbani kwake, au cha kwa wazazi wake kijijini, ni cha kuchuchumaa? Basi, basi, inatosha. Wazee mnacheka, lakini nadhani mmeshajua ninakoelekea.

Wauguzi mnakifahamu kipimo cha Barthel. Kwa faida ya wazee nieleze. Mwaka 1965, kule Marekani, daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa mazoezi tiba Dorothea Barthel walichapisha njia ya kupima mgonjwa amerudi hali yake kwa kiasi gani. Mambo yanayoulizwa ni kumi: kula, kuoga, kujiweka nadhifu, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Akiweza yote bila msaada anapata alama 100. Ngazi peke yake ina alama 10. Kuoga ina 5.

Sikidharau kipimo hiki. Ni cha haraka, hakihitaji mashine, na kimewasaidia wauguzi wa dunia nzima kusema kwa namba kile walichokuwa wanasema kwa kukadiria, "anaendelea vizuri". Ila nimewahi kuchukua mafaili ya wodi moja nikaangalia penye ngazi. Faili la kwanza lilikuwa na 10, kwa sababu mgonjwa alionekana ana nguvu. La pili lilikuwa na sifuri, kwa sababu ngazi hazipo. La tatu muuguzi alichora mstari akaendelea na kazi zake, na kusema kweli huyo ndiye niliyemwamini zaidi. Mzee wa Uyui ambaye hajapanda ngazi tangu azaliwe anapewa au ananyang'anywa alama kumi kwa jambo lisilomhusu, na sisi tunajumlisha, tunapiga mstari chini, tunasaini.

Lakini si ngazi zilizonifundisha. Ni choo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wodi ya wanaume, hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tulimpokea mzee mmoja mfugaji wa nyuki kutoka upande wa Sikonge. Nitamwita Mzee wa Mizinga. Kiharusi, upande wa kulia. Mdomo ulirudi haraka, mkono ukachelewa, mguu ukawa katikati. Baada ya wiki mbili alikuwa anatoka kitandani mpaka dirishani kwa fimbo, anasimama pale anaangalia miti ya nje kama mtu anayetafuta tawi la kutundikia mzinga. Wodi ile ilikuwa na choo kimoja cha kukalia, na ndicho tulichokuwa tunampeleka. Siku ya kuruhusiwa nikajaza fomu. Choo: anajitegemea. Kutembea: anajitegemea kwa fimbo. Nikajumlisha nikapata 90. Nikamwambia mwanawe, "Baba yuko vizuri, mpe maji mengi na asiache mazoezi." Nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki ya tatu akarudishwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe. Midomo imepasuka. Ukiivuta ngozi ya mkono inabaki imesimama. Anaongea maneno yasiyofuatana, na mkojo tulioupata kwenye mpira ulikuwa kidogo, rangi yake kama chai ya rangi iliyokaa. Tukadhani kiharusi cha pili. Kumbe ni maji. Tulimwekea dripu, siku ya pili akili ikarudi, na mimi nikaanza kumgombeza mwanawe pale pale kitandani, mbele za watu: nilikwambia nini kuhusu maji?

Mzee akanyanyua mkono wake mzima. "Usimgombeze, sista. Maji walinipa. Mimi ndiye niliyekuwa nayamwaga."

"Unayamwaga wapi, babu?"

"Nyuma ya kitanda. Chini udongo, yananywea."

Akasubiri mwanawe atoke kwenda dukani. Ndipo akaniambia, ananiangalia miguuni asinitazame usoni: "Choo chetu shimo. Mguu huu haukunji. Kushuka naweza, kupanda siwezi. Mchana mwanangu yuko shamba la tumbaku. Anayebaki nyumbani ni mkwe. Sasa niambie wewe mwenyewe, mkwe wangu anishike chooni?"

Wazee mnatikisa vichwa. Hamhitaji nieleze. Kwa wanafunzi waliokulia mjini nitaeleza kidogo: kuna nyumba nyingi mkoani humu ambako baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai hata mkeka mmoja, wakipishana mlangoni mmoja anarudi nyuma. Mzee huyu alikuwa amechagua kati ya kiu na aibu, akachagua kiu, na mimi nilikuwa nimeandika "anajitegemea". Jambo lililomrudisha wodini halikuwa dawa. Lilikuwa goti na mkwe, na hayo mawili hayamo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza.

Mwanawe alichukua kiti cha zamani akakikata tundu katikati, wakakiweka juu ya shimo. Kikavunjika wiki ya pili. Cha pili kilidumu. Nitakirudia kiti hicho baadaye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza utafiti wa muuguzi unatakiwa uanzie wapi. Wenzetu madaktari huanzia kwenye ugonjwa, na ni haki yao. Sisi tuliokaa na mgonjwa usiku kucha tunajua vitu ambavyo daktari wa raundi havioni: nani anaamka saa nane kutafuta viatu, nani anaficha ugali chini ya mto, nani hajapata choo siku nne kwa sababu anaona haya kuita. Haya tunayasimulia kwenye chai. Hatuyaandiki.

Alikuwepo muuguzi mmoja Mwingereza aliyeandika. Aliitwa Doreen Norton. Wakati wake vidonda vya kulalia vilizuiwa kwa kupaka. Spiriti, sabuni, poda, mafuta, kila wodi na mapishi yake, na muuguzi mzuri ni yule aliyesugua migongo kwa bidii. Norton pamoja na wenzake, McLaren na daktari Exton-Smith, wakawachunguza wazee waliolazwa, na mwaka 1962 wakachapisha walichokiona: kinachomlinda mzee ni kugeuzwa kwa wakati, ili nyama isigandamizwe mahali pamoja. Kilichokuwa kinapakwa hakikuwa na msaada uliodhaniwa. Akaacha na kipimo, mambo matano, hali ya mwili, hali ya akili, uchangamfu wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kujizuia haja. Jumla ya juu ni 20, na akiwa na 14 kushuka chini, ujue kidonda kiko njiani. Hakuwa na maabara. Swali lake lilitoka kwenye beseni na kitambaa alivyokuwa anavishika kila siku: hiki ninachopaka, kinasaidia kweli?

Mniruhusu niwe mkali kidogo kwa upande wetu. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi wa uuguzi zenye kichwa cha "uelewa na mtazamo wa wauguzi kuhusu" jambo fulani. Dodoso, asilimia, mapendekezo kwa Wizara. Mgonjwa hayumo. Nimeandika moja kama hiyo mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwa kumcheka mtu. Lakini mtazamo wa wauguzi kuhusu kugeuza mgonjwa haumgeuzi mgonjwa.

Turudi kitandani, maana kitanda nacho ni ugonjwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwaomba wazee 12 wenye afya njema wakae kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, hawakuwa na homa, walikula. Siku kumi zilipokwisha miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Sasa mfikirie bibi yetu mwenye nimonia, anayekula vijiko vitatu vya uji, ambaye kila mgeni akifika anamwambia, "Lala, bibi, pumzika." Mapenzi kabisa hayo. Ndugu wanamlisha wakati mkono wake unaweza kijiko, wanambeba wakati mguu wake unaweza hatua tano, na akitoka wodini nimonia imepona lakini bibi hasimami.

Mwanafunzi mwenye haraka atasema, basi tuwainue wote siku ya kwanza. Na hapo utafiti unatushika mkono. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kiharusi ulioitwa AVERT, wagonjwa 2,104, hospitali 56, nchi tano. Walikuwa wanajaribu kuwainua wagonjwa mapema sana, ndani ya saa 24, na mara nyingi kwa siku. Wengi walitegemea watafanya vizuri zaidi. Walioinuliwa mapema na mara nyingi hivyo walifanya vibaya zaidi kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mapema, ndiyo, lakini kidogo kidogo, na ukimwangalia mgonjwa usoni kuliko saa ya ukutani.

Mwingine ulinisumbua zaidi. India walijaribu jambo ambalo mimi ningeweka mshahara wangu kwamba litafaulu. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi, hospitali 14. Nusu yao, ndugu walifundishwa namna ya kuwafanyisha mazoezi, wakafuatwa mpaka nyumbani. Nusu nyingine huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2017: baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 upande huu, na asilimia 47 upande ule. Sawa sawa. Niliisoma usiku nikiwa zamu nikaifunga. Kwa sababu huku kwetu ndugu ndio wafanyakazi wa utengamao tulio nao. Mtaalamu wa mazoezi tiba unaweza kumpata hospitali ya Kitete, unaweza kumpata hospitali ya Nkinga, lakini mzee wa ndani ya Kaliua kumfikia ni nauli, siku nzima, na mtu wa kumshika.

(Kuhusu hilo neno utengamao: wizarani wanalipenda, na limekaa vizuri kwenye mabango. Wazee hapa mbele wangesema tu "kurudi hali yangu". Nitatumia lao.)

Nilivyokaa na ile asilimia 47 nimefika hapa. Haisemi ndugu hawafai. Inasema kwamba namna ile ya kuwafundisha, ikipimwa kwa kipimo kile, haikubadilisha kitu. Swali linabaki wazi kwetu: ndugu yupi afundishwe, maana anayelala hospitalini si lazima awe ndiye anayebaki nyumbani mchana? Afundishwe nini, kunyoosha vidole au kutengeneza kiti cha choo? Mwana wa Mzee wa Mizinga nilimfundisha kukunja na kukunjua kiwiko. Alikijua kiwiko vizuri sana.

Kwamba inawezekana kuuliza kwa namna ya kwetu, tunao mfano nchini. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, imefanyiwa utafiti wa wazee kwa miaka mingi. Hai na Dar es Salaam ndiko walikohesabu kiharusi kwenye jamii yenyewe kati ya 2003 na 2006, na matokeo ya 2010 yakaonyesha kwamba kiharusi kwetu hakipungui ukilinganisha na nchi za wenye navyo. Watafiti wa Hai walipotaka kujua mzee aliyepoteza kumbukumbu anashindwa nini nyumbani, waliona maswali yaliyotungwa kwingine, ya kupiga simu na kusimamia hela za benki, hayamshiki mzee wa pale. Wakatunga yanayolingana na maisha ya pale. Mimi nataka ya Tabora. Anaweza kushuka na kupanda kwenye shimo? Anainuka kutoka kwenye kigoda? Anafika sijida na kurudi, kwa Muislamu? Mkristo anapiga goti? Anafunga kanga? Anabeba kikombe cha moto mita kumi bila kumwaga?

Niwape mfano wa bibi wa Isevya, mkono wa kushoto uliolegea. Tulimpa mpira mdogo wa kuminya. Anauminya mara tatu, unadondoka, unaviringika chini ya kabati, mjukuu anautafuta, mazoezi yameisha. Siku moja nilimkuta mjukuu anamenya karanga kwenye ungo. Nikauvuta ungo kwa bibi. Kidole gumba cha kulia kinabana ganda, cha kushoto kinatakiwa kushikilia tu lisikimbie. Ganda la kwanza lilimshinda. La pili likaruka. Akasonya. La tatu likapasuka, zikatoka punje mbili, moja akala. Alikaa pale mpaka jua likahama kutoka mlangoni, na mkono ule uliokuwa unakataa mpira ulikuwa umefanya kazi saa nzima bila kuambiwa, kwa sababu bibi hajui kuminya mpira lakini karanga anajua ziende wapi: kwenye mlenda, jioni. Je, karanga ni bora kuliko mpira? Sijapima. Ningependa mmoja wenu apime, na ahesabu dakika, asiniletee mtazamo wa wauguzi kuhusu karanga.

Bibi huyo ana macho mekundu, ya moshi wa kuni wa miaka sitini. Nasema hili mkoani kwangu na nalisema taratibu. Kanda hii bibi wenye macho kama hayo wameitwa wachawi, na tunajua wamefanyiwa nini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ipo, na sheria za nchi zipo. Kiharusi kinamwongezea bibi ulimi mzito, uso uliopinda, kuongea peke yake. Mimi nikienda kwake na sare yangu nyeupe, mchana, majirani wakaniona, nikaketi uani nikamenya naye karanga nikaeleza kwa sauti kwamba huu ni ugonjwa wa mshipa wa kichwani, hiyo nayo ni kazi ya uuguzi. Hakuna kisanduku chake kwenye fomu ya ziara za nyumbani.

Sasa ufundi, kwa wanafunzi. Kuna jaribio rahisi la mwaka 1991, la Podsiadlo na Richardson. Mzee anakaa kwenye kiti, anasimama, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde kwa simu yako. Akifika 12 au kuzidi, wengi huhesabu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Zuri sana kwa zahanati. Lakini kiti chao kina urefu wa kiti. Ukitumia kigoda, usiazime namba yao, maana kuinuka kutoka kigodani ni kazi nyingine. Namba ya kigoda itabidi tuitafute wenyewe, kwa wazee wetu, wengi, kwa subira. Mnaona? Utafiti umeshaanza na hatujaomba hata fedha.

Tutaomba kibali, hilo halina mjadala. NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina kituo hapa hapa Tabora, na taratibu za maadili si za kuruka. Na wazee wana lao wananiambia kila siku: "Mnakuja na karatasi, tunaweka dole gumba, mnaondoka." Nimeshindwa kuwajibu kwa sababu ni kweli. Nimeweka dole gumba la watu wengi kwenye wino, na niliorudi kuwasomea majibu ni wachache, naona haya kuwataja idadi. Anayechukua kipimo cha mzee akamrudishie, hata kama ni kwa kumwambia chini ya mti, "Babu, mwezi uliopita uliinuka kwa sekunde 21, leo 17."

Namalizia na kile kiti cha choo; tumetengeneza kingine kwa mfano wake. Mtakapotoka kwenda chai mtakiona chini ya mwembe. Fundi seremala wa Ng'ambo ametutengenezea kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, ndiyo maana miguu miwili ina rangi tofauti. Kina tundu, kina mikono ya kushikia pande zote mbili, na miguu imetanuliwa ili isiingie kwenye shimo. Kimekaliwa na mimi na fundi tu, na fundi ana miaka thelathini. Nimeacha daftari na kalamu juu ya meza. Wazee wangu, naomba mkikalie, mkiwa mmevaa hivyo hivyo, msicheke sana, na mniambie mikono iko juu mno au chini mno. Mama wa kitenge cha bluu ameshaanza kuniambia ni chembamba. Mama, njoo uandikishe wewe wa kwanza.